Spea iliyolala miaka kwenye buti: ipime nyumbani, usisubiri mteremko wa Kitonga

Gari dogo la mwaka 2006 lililoletwa kutoka Japani, iwe IST, Passo, Vitz au Raum, huenda limeshabadilishiwa matairi yake manne mara mbili au tatu tangu lifike. La tano bado limelala chini ya kapeti la buti. Ni jeusi, meno yote yapo, na mara nyingi lina umri uleule wa gari. Mwenye gari akilichungulia anaridhika kwamba spea yake ni mpya. Kosa linaanzia hapo, kwa sababu meno yanaonyesha tairi limetembea kiasi gani, hayaonyeshi limezeeka kiasi gani.

Mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Chini ya meno ya tairi la radiali kuna mikanda ya waya za chuma, na kinachoishikanisha ni utando wa mpira. Upepo ulioshindiliwa ndani hupenyeza oksijeni taratibu kutoka ndani kwenda nje, na mwaka hadi mwaka utando ule unapoteza unyumbufu wake. Kiwandani huchanganya nta na kemikali za kuzuia uzee, lakini nta hiyo hutoka juu na kufunika mpira pale tairi linapozunguka na kujikunja. Tairi lisilotembea halijikunji, kwa hiyo kinga yake hubaki ndani huku uso wake ukikauka. Joto huharakisha yote haya, na spea iliyofungwa chini ya gari karibu na bomba la moshi hupata joto kila siku.

Ubaya wa mkanda ulioanza kuachia ni kwamba unaweza kukutoa mjini hadi Uyole kwa mwendo wa 40 bila kutoa dalili yoyote. Unakuja kuachia ukiwa na 100 kwenye tambarare ya Igawa hadi Chimala, saa nane mchana, gari limejaa. Meno yote yanabanduka kwa mkupuo.

Vifaa vya ukaguzi ni geji ya upepo iliyo yako mwenyewe, brashi, sabuni ya maji, tochi, chaki na kitambaa. Geji za mafundi pancha zimeanguka chini mara nyingi mno. Mbili za kijiwe kimoja huweza kutofautiana. Kazi yenyewe ni ya saa moja, halafu unasubiri siku mbili.

Litoe nje kwanza

Usikague spea ikiwa ndani ya buti wala ikiwa imening'inia. Kwa Hiace, Hilux na gari nyingine zinazobeba spea chini ya uvungu, kuiteremsha ni sehemu ya ukaguzi: ile winchi ndogo ya mnyororo au waya hushika kutu kwa matope ya masika na vumbi la kiangazi. Ikikataa kuzunguka, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri usiku mzima, jaribu tena. Afadhali uligundue hilo nyumbani kuliko saa tano usiku njia ya Chunya. Winchi ikishafunguka, isafishe na kuipaka grisi kabla ya kurudisha tairi.

Mahali linapokaa panakuambia uangalie nini. La chini ya uvungu hupigwa kokoto na matope, hivyo tafuta majeraha ya upande ulioangalia barabara na kutu ya rimu. La mlango wa nyuma, kama la RAV4 za zamani, hupigwa jua upande mmoja, hivyo nyufa za upande wa nje hutangulia. La ndani ya buti halina jua, ila mara nyingi limelalia dumu la petroli au betri iliyowahi kuvuja. Mafuta huulegeza mpira na kuuvimbisha. Ukikuta sehemu laini inayonatanata, tairi hilo limekwisha.

Lioshe kwa sabuni na brashi hadi rangi yake halisi ionekane. Wauza matairi ya mtumba hupaka dawa nyeusi ya kung'arisha, na dawa hiyo huziba nyufa ndogo vizuri kabisa.

Tarehe imo kwenye tairi

Tafuta ubavuni neno DOT. Linafuatwa na mlolongo wa herufi na namba, na tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe ya kutengenezwa: mbili za wiki, mbili za mwaka. 3409 ni wiki ya 34 ya mwaka 2009, yaani Agosti. Matairi mengine yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana neno DOT, lakini tarakimu nne huwa mwishoni mwa namba ya kiwandani. Mfumo wa tarakimu nne ulianza mwaka 2000. Ukikuta tatu tu, mfano 418, tairi ni la miaka ya tisini au nyuma zaidi, na ukaguzi umeishia hapo.

Tarehe huandikwa mara nyingi upande mmoja tu, na upande huo unaweza kuwa umeangalia ndani. Ukikuta mlolongo usio na tarakimu nne mwishoni, geuza tairi. Mahali pa tarehe pakiwa pamekwanguliwa au kusuguliwa laini, chukulia limezidi miaka kumi. Na ukiambiwa "nililinunua juzi tu", hiyo ni tarehe ya duka. Hesabu huanzia kiwandani.

Vitabu vya magari ya Toyota vinasema tairi lililozidi miaka 6 likaguliwe na fundi hata kama halijatumika. Michelin wanashauri kukagua kila mwaka baada ya miaka 5, na kubadilisha likifika 10, spea ikiwemo, hata likionekana zima. Kwa nyanda zetu za juu kusini tufuate hivyo hivyo. Ukanda wa Njombe na Makete una baridi, lakini gari halikai huko tu. Wiki hiyohiyo linashuka Kyela au Ruaha Mbuyuni.

Anayeona miaka kumi ni uoga wa wazungu akumbuke basi lililoanguka karibu na Hindhead, Uingereza, Septemba 2012 na kuua watu watatu. Tairi la mbele lililopasuka lilikuwa na meno ya kutosha. Umri wake ulikuwa zaidi ya miaka 19. Tangu Februari 2021 sheria za huko zinakataza tairi lililozidi miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye magurudumu yasiyo pacha ya mabasi madogo. Mwenye Coaster au Hiace ya abiria hana haja ya kusubiri sheria kama hiyo ifike hapa.

Nyufa, nundu na mikwaruzo

Sasa kagua kwa macho na vidole. Weka alama ya chaki ubavuni, anzia hapo, zunguka hadi urudi kwenye chaki. Pande zote mbili.

Nyufa nyembamba kama nywele, zilizotawanyika juu juu ubavuni, ni uzee wa ngozi. Tairi la miaka minne au mitano lenye nyufa za aina hiyo bado linaweza kutumika ukiliangalia kwa karibu. Hali inabadilika ukikuta ufa unaoingiza ncha ya ukucha, ufa unaozunguka sambamba na rimu, au nyufa chini ya mifereji katikati ya meno. Hizi za kwenye mifereji watu huziruka kwa sababu hawafungui macho huko. Ingiza tochi, panua mfereji kwa vidole gumba viwili. Ukiona uzi au waya, au alama ya kutu ikitoka ndani ya ufa, maji yamefika kwenye mkanda wa chuma. Tairi hilo halifai hata kwa kilomita tano.

Nundu ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika, mara nyingi kwa kugonga shimo au ukingo wa daraja. Kilichobaki kushikilia upepo ni mpira mtupu. Usidanganyike na kibonde chembamba kilichonyooka kutoka kwenye rimu kwenda juu. Hicho huwa ni mahali nyuzi zilipopandana kiwandani, na si kasoro. Nundu huvimba kwenda nje. Kibonde huingia ndani.

Pitisha kiganja juu ya meno kuzunguka tairi zima. Ukisikia mahali pamenyanyuka kama kilima kidogo, mkanda umeanza kuachia. Ukikosa uhakika, lifunge kwenye gari lililo juu ya jeki, lizungushe kwa mkono huku umeshikilia chaki karibu na meno bila kugusa: tairi zima litaacha nafasi ileile mzunguko wote, bovu litapiga chaki mahali pamoja kila linapopita. Kabla ya kulaumu tairi, hakikisha rimu yenyewe haijapinda.

Meno yenyewe pima kwa vile vinundu vidogo vilivyo chini ya mifereji. Meno yakifika sawa navyo yamebaki milimita 1.6, na barabara za Tukuyu zenye mvua karibu mwaka mzima zinahitaji zaidi ya hapo. Ukikuta mifereji yenye kina isiyo na vinundu hivyo na kingo zake hazijanyooka, jua tairi lilikuwa kipara likachongwa kwa kisu cha moto. Kwa gari dogo hiyo ni hatari moja kwa moja: mpira uliobaki juu ya mkanda ni mwembamba kama soli ya ndala iliyoisha.

Bonyeza meno kwa ukucha. Mpira mzima hunyumbuka na kurudi. Ukigonga kama plastiki, hata meno yakiwa marefu, breki kwenye lami yenye maji zitakuwa za kuteleza, na utelezi wa njia za chai Mufindi utakuwa mara mbili.

Viraka na tyubu

Uliza, au angalia, tairi liliwahi kuzibwa wapi. Pancha ya msumari katikati ya meno, tundu lisilozidi milimita 6, ikizibwa kwa kiraka kutoka ndani, ni matengenezo halali. Kamba ya kuzibia iliyosokomezwa kutoka nje bila tairi kufunguliwa ni ya kukufikisha. Kwenye spea iliyokaa miaka, kamba hiyo hukauka pamoja na mpira na kuanza kuvujisha. Kiraka cha ubavuni au kwenye bega la tairi hakikubaliki hata kikiwa kimewekwa kwa ustadi gani, kwa kuwa sehemu hiyo hujikunja kila mzunguko.

Halafu kuna tyubu. Ukiona valvu ya mpira mrefu inayochezacheza kwenye tundu la rimu ya tubelesi (ya tairi lisilohitaji tyubu), kuna aliyeweka tyubu ndani. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ndiyo ya kuogopa: ama rimu imepinda, ama ukingo wa tairi umekatika, ama kuna tundu kubwa. Tyubu imeficha tatizo, haijaliondoa. Zaidi ya hapo, tubelesi ikichomwa hupunguza upepo polepole, wakati tyubu hupasuka na kutoa upepo wote mara moja. Mwambie fundi afungue, atoe tyubu, umulike ndani ya tairi. Ukikuta unga mweusi kama masizi au utepe uliochubuka ukizunguka ubavu kwa ndani, tairi lilitembea likiwa halina upepo na nyuzi zake zimekatika.

Jaza upepo, kisha subiri

Valvu ya mpira ipindishe kidogo kwa kidole. Ikionyesha nyufa kwenye shina, ibadilishwe kabla ya kitu kingine. Ni kifaa cha bei ndogo na ndicho huachia upepo kwenye spea nyingi za zamani. Kifuniko chake nacho kiwepo, maana vumbi la Usangu likiingia kwenye pini, pini haizibi tena.

Kiasi cha upepo kinategemea aina ya spea. Ile nyembamba, yenye herufi T mwanzoni mwa saizi, mfano T125/70D15, hujazwa PSI 60 (PSI ni kipimo cha upepo kinachosomeka kwenye geji), na mwendo wake wa mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Watu huijaza 30 kama tairi la kawaida, ndiyo maana ikifungwa hulala chini kama chapati na kupata moto. Spea yenye saizi sawa na nyingine ijazwe kwa kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ukichukua kipimo cha gari lililojaa, kisha ongeza PSI 3 au 4 za akiba. Kupunguza njiani ni rahisi kuliko kuongeza.

Wakati wa kujaza simama upande wa meno, usikae mbele ya ubavu. Kwa tairi la lori au Fuso onyo ni kali zaidi: lililotembea na upepo chini ya asilimia 80 ya kiwango chake lisijazwe mpaka lifunguliwe na kukaguliwa ndani, na lijazwe ndani ya kizimba cha chuma. Ubavu wa waya hupasuka kama zipu, na hauvimbi kwanza kukuonya.

Paka povu zito la sabuni kwenye valvu, kwenye meno, na pande zote mbili pale tairi linapokutana na rimu. Mapovu yakitoka kwenye ukingo wa rimu ya chuma, kwa kawaida ni kutu; fundi akifungua na kuisugua kwa brashi ya waya, tatizo huisha bila kubadilisha tairi. Yakitoka ubavuni, usitafute dawa.

Andika kipimo, acha siku mbili, pima tena saa ileile ya asubuhi. Saa ina maana huku kwetu: upepo hubadilika takribani PSI 1 kwa kila nyuzi 6 za joto, hivyo tairi lililojazwa saa nane mchana litaonekana limepungua PSI 2 au 3 alfajiri ya Julai hata kama halivuji. Kuhusu mwinuko, usihangaike. Kutoka Mbeya, mita 1,700 hivi, hadi Kyela, geji itapunguza karibu PSI 2 kwa sababu ya hewa nzito ya bondeni, na joto la huko litazirudisha. Kinachomaliza spea ni miezi: tairi zima hupoteza PSI 1 au zaidi kidogo kila mwezi, kwa hiyo lililojazwa 32 likaachwa mwaka mzima hukutwa na 20 au chini. Tofauti ya zaidi ya PSI 2 ndani ya siku mbili, kwa joto lilelile, ni kuvuja.

Lijaribu kwenye gari

Spea nzima isiyoingia kwenye gari yako haina faida. Hili hutokea sana kwa gari zilizobadilishwa rimu. Nati za spoti rimu zenye bapa la washa huenda zisikae kwenye matundu ya rimu ya chuma yaliyochongwa kama koni. Tairi litafungika na baadaye kulegea. Funga spea nyumbani, zungusha, hakikisha haigusi kalipa ya breki. Toyota ndogo nyingi hukaza nati kwa 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Asiye na spana ya kipimo akaze kwa mkono mmoja wenye nguvu, kwa mpangilio wa kuvukana, bila kupanda juu ya spana kwa mguu, kisha arudie kukaza baada ya kilomita 50.

Namba ya uzito, ile inayofuata saizi, isiwe ndogo kuliko ya matairi mengine. 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, 88 ni 560, 91 ni 615. Hiace isifungwe tairi la gari dogo kwa kuwa tu rimu ni inchi 15.

Uamuzi

Chini ya miaka 6, haina nyufa za kuingiza ukucha, haivuji: itumie kama tairi lolote, na kila ukibadilishana nafasi za matairi iingize kwenye mzunguko ili isizeeke bure.

Kati ya miaka 6 na 10 na ukaguzi wote umepita: ni ya kufikia kwa fundi. Ifunge nyuma. Pancha ikiwa ya mbele kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, hamishia tairi zima la nyuma mbele, spea ikae nyuma. Ni kazi ya jeki mara mbili, lakini usukani na breki vinabaki kwenye matairi yanayolingana. Mwendo 80, na kwa mteremko kama wa Kitonga au Iwambi gia nzito kuanzia juu. Gari la magurudumu manne yanayosukuma muda wote lisitembee mbali na spea yenye kimo tofauti, maana difu na gia za kati hupata moto.

Zaidi ya miaka 10: isitembee barabara kuu. Likiwa ndilo pekee na umekwama porini, halina nundu wala ufa wa kuonyesha nyuzi, shusha abiria na mizigo, liweke nyuma, mwendo usizidi 40, na safari iishe kwa fundi pancha wa kwanza. Na mawe uliyoegemeza gari yatoe barabarani pamoja na matawi; anayekuja nyuma usiku haoni yako wala ya aliyekutangulia.

Ukienda kununua la kuziba nafasi, iwe Mwanjelwa au Makambako, nenda na tochi na kitambaa chenye maji. Soma tarehe kabla ya kuuliza bei. Tairi la mtumba la miaka 8 lenye meno mazuri ni ghali kwa bei yoyote, kwa sababu umenunua miaka miwili.

Lile ulilokataa usiliache kwenye kijiwe likiwa zima. Likate ubavu kwa msumeno, kipande cha urefu wa kiganja, pande zote mbili, ndipo umpe mtu wa katambuga au ulipande maua. Lisipokatwa litapakwa dawa nyeusi na kurudi barabarani wiki ijayo chini ya gari la mtu mwingine.